Mwezi wa Kumi, Tarehe Tatu

1991, mwezi wa 9, tarehe 9 — Jumatatu

Daftari jipya! Kanipa Bibi Okdan mwenye nyumba. Jalada lina picha ya bata. Lilikuwa la mjukuu wake, mjukuu akakataa bata. Mimi sikatai bata.

Basi nianze vizuri. Tarehe nimeiandika kama Sista alivyotufundisha kule kituo cha watoto: kikubwa kwanza, kidogo mwisho. Mwaka, mwezi, siku. "Kama unaingia nyumbani," alikuwa akituambia. "Geti, halafu mlango, halafu godoro lako." Mimi kwetu ni palepale kituoni, nililelewa na masista, kwa hiyo geti nililijua na godoro nililijua.

Nimemsomea mwanangu Saerom miezi yote kumi na miwili kwa sauti. Wa sita na wa kumi, kwa Kikorea, lazima uikate mkia, ile herufi ya mwisho ya namba, ukiitamka, ile miwili tu, sijui iliwakosea nini watu. Tulipofika wa kumi akanitemea uji. Nimempa alama zote.

Saerom hajatimiza miezi saba. Lakini Bibi Okdan anasema ana miaka miwili! Hesabu za wazee: mtoto anazaliwa na mwaka mmoja tayari, na mwaka mpya wa mwandamo ukiingia anaongezewa mwingine. Saerom alizaliwa zimebaki siku nne. Siku nne!

"Miaka miwili na jino hamna," Bibi anamtania. "Wewe utaolewa na nani?"

Baba Saerom karudi. Najua bila kumwona, harufu ya gundi ya soli, ya kiwanda chao cha viatu, inatangulia. Naacha hapa.

1991, mwezi wa 9, tarehe 22 — Jumapili

Sikukuu ya mavuno. Jiji letu la Busan limebaki tupu kama darasa wakati wa likizo. Kila mtu kaenda kwao. Sisi tupo.

Nimetengeneza vikeki vya mchele, vile vya nusu mwezi. Vyangu vimetoka kama masikio. Baba Saerom kala kumi na moja akasema ni masikio matamu.

Baadaye kaenda kwa Bibi kuomba simu. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akapiga Cheongdo, kwao. Ikaita, ikapokelewa. Akasema, "Baba —" Basi. Ikakatwa. Akaendelea kushika ile simu sikioni, eti anasikiliza. Nani asiyejua sauti ya simu iliyokatwa!

Mwaka jana siku kama ya leo tulikwenda wenyewe. Mzee, baba yake, akatoka mpaka getini. Akamwambia mwanawe, nakumbuka kila neno, kwamba mtoto wa kwanza wa nyumba haoi msichana asiye na kwao, halafu aje amlete kama aliyetoka sokoni. Akafunga geti. Tukarudi na boksi letu la peasi.

Saerom alipozaliwa Baba Saerom alimwandikia barua. Kaandika jina, kaandika tarehe. Mpaka leo kimya.

Nisiandike hivyo siku ya sikukuu. Mwezi umetoka mkubwa, mzima. Nimemwonyesha Saerom. Alitaka kuula.

1991, mwezi wa 9, tarehe 26 — Alhamisi

KADI! Kadi ya posta! Kutoka kwa Mzee!

Naandika mbio, mwandiko usamehewe. Maneno ni haya tu:

*Miaka sitini. Mwezi wa 10, tarehe 3. Mleteni mtoto.*

Mleteni! Siyo "mlete". Mleteni. Baba Saerom kasoma mara nne amesimama, mara ya tano amekaa. Mzee mwaka huu anatimiza sitini, mwaka aliozaliwa, ule wa kondoo katika miaka yetu ya wanyama, umezunguka na kumrudia, ndiyo ile karamu kubwa ambayo mtu anafanyiwa mara moja tu. Matunda yanapangwa kama minara. Watoto wanapiga magoti na kumimina pombe, kwa zamu, na wa kwanza kumimina ni mtoto wa kwanza. Wa kwanza ni Baba Saerom. Asipokuwepo hakuna wa kushika kile kikombe.

"Usipoonekana siku hiyo," kasema mwenyewe, "hakuna kadi nyingine. Namjua Baba."

Nikasema, "Ni Alhamisi ijayo hiyo! Na ni sikukuu ya taifa, kiwanda kimefungwa!"

Akacheka. Siyo kwa ubaya. "Mama Saerom, jamani. Mzee wa kijijini anazaliwa kwa tarehe za jua, hizi za serikali? Hiyo ni ya mwandamo. Tangu nipate akili, siku yake tunaitafuta kwa mwezi."

Ni kweli, mimi najua nini? Kwa masista kila kitu kilikuwa kwa jua. Tarehe za nyumbani zinajulikana na watu wenye nyumba.

Akaitia kadi mfuko wa ndani wa jaketi la kazi. Anapitapita mkono pale kila saa.

1991, mwezi wa 9, tarehe 27 — Ijumaa (mwandamo: 8. 20)

Leo naandika na ya mwandamo. Nimeanza kujifunza.

Bibi Okdan ana ile kalenda ya kuchana, kila siku karatasi yake, nyembamba kama ganda la kitunguu. Namba kubwa ya jua, chini kijinamba cha mwandamo. Kila asubuhi anachana moja na kuipeleka chooni. Kalowesha kidole, kafunua, kafunua, kafunua — mwezi wa kumi tarehe tatu wa mwandamo unaangukia tarehe 8 mwezi wa 11. Ijumaa.

"Bibi, haiwezi kuwa Alhamisi hii inayokuja?"

"Mwanangu, mimi hata sijui kwa jua nilizaliwa lini. Na huyo mzee ananizidi ubishi, nimesikia."

Basi ni Ijumaa ya mwezi wa kumi na moja. Wiki sita! Zitatosha kushona kanzu ya Saerom. Tatizo moja tu. Ijumaa ni siku ya kazi.

1991, mwezi wa 9, tarehe 29 — Jumapili (mwandamo: 8. 22)

Bibi kanifundisha kusujudu kama mkwe. Mikono juu ya paji la uso, unashuka taratibu, hutikisiki, hutoi sauti. Nimeanguka mara tatu kwa ubavu. Saerom kakaa kwenye beseni anapiga makofi.

"Ukianguka hivyo mbele yake," Bibi kasema, "angalau atacheka."

Sijui kama huwa anacheka.

1991, mwezi wa 10, tarehe 1 — Jumanne (mwandamo: 8. 24)

Mambo yamekaa sawa! Bosi Pyo kakubali. Baba Saerom atafanya kazi Alhamisi hii ya sikukuu, wakati wenzake wamelala, na badala yake ile Ijumaa ya kwa Mzee ataruhusiwa. Kaahidi mbele ya watu.

Baba Saerom kaingia ndani anaimba. Huyu mtu haimbi! Kamrusha Saerom juu, Saerom kamtapikia kola, kaendelea kuimba.

1991, mwezi wa 10, tarehe 2 — Jumatano (mwandamo: 8. 25)

Kanzu imekwisha mkono mmoja. Jino limechomoza! Moja, la chini. Bibi anasema sasa ataolewa.

1991, mwezi wa 10, tarehe 3 — Alhamisi (mwandamo: 8. 26)

Treni inatikisa, nitaandika hivyo hivyo. Nisipoandika nitalia, na nikilia Saerom ataniunga mkono, na mama aliyekaa mbele yetu ana usingizi wake.

Asubuhi Baba Saerom kaenda kazini na jaketi la zamani. Lile la kila siku kaniachia nifue. Nikapekua mifuko. Kadi hii hapa! Kaisahau. Nikaiweka dirishani isilowe, nikaisoma tena kwa raha zangu. Mara ya kwanza tuliisoma tukiruka, nani aliangalia pembeni. Leo nikaona kule chini, kwenye kona, mwandiko mdogo kama sisimizi:

*1991. 9. 24.*

Nikasema moyoni, Mzee ana utaratibu, kaandika na siku aliyoandika. Nikaendelea na sabuni. Mkono ukasimama ndani ya maji.

Tisa, ishirini na nne.

Sisi tuliipata tarehe 26, mwezi wa 9. Kwa jua ni siku mbili za posta, sawa kabisa. Lakini kwa mwandamo? Nikakimbia kwa Bibi na mapovu mpaka kwenye viwiko. Kalenda ya leo, kijinamba cha chini: mwezi wa 8, tarehe 26. Wa NANE. Huo mwezi wa tisa wa mwandamo wenyewe bado haujaandama! Mtu anaandikaje kadi siku ambayo haijafika?

Mzee aliandika kwa jua. Chini kwa jua. Na juu kwa jua.

Mwezi wa kumi, tarehe tatu. Leo.

Bibi kaishika kadi mbali na macho, kaileta karibu. Kakaa chini. "Mama yangu wee. Sikukuu ya taifa. Viwanda vimefungwa." Halafu akajipiga paja. "Siku ya kuzaliwa haicheleweshwi, ni mkosi, lakini kuitanguliza ruksa! Kaitanguliza! Mzee yule kaivuta siku yake mwezi mzima, ili mwanawe wa kiwandani aweze kuja!"

Na mwanawe yuko kiwandani. Kwa ajili ya Ijumaa isiyo na karamu.

Namba ya Cheongdo ipo nyuma ya kalenda yetu ya ukutani, Baba Saerom aliiandika siku tuliyohamia. Nikapiga mwenyewe. Saa nne na robo. Akapokea mwanamke, nyuma yake vyombo, watu, mbwa.

"Sema kwa sauti, huku kuna karamu!"

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Kama ni mtu wa keki, ameshafika! Kama ni mgeni, njoo, hatujaanza! Mzee kagoma. Anasema tungoje treni ya saa tano. Supu nimeichemsha mara ya tatu mimi!"

Nikakata. Nimemkatia simu mtu wa kwa Mzee, na mimi! Sasa tumelingana.

Mtoto mgongoni, kanzu ya mkono mmoja, viatu vya Bibi kwa sababu vyangu vilikuwa vimelowa. Mbio mpaka kiwandani. Nilivyofika sina pumzi, nikamwonyesha Baba Saerom ile kona ya kadi kwa kidole tu. Akaangalia. Midomo ikahesabu.

Bosi Pyo akaja. Alipoelewa akapaza sauti, "Mwezi wa kumi na moja umenililia wiki nzima! Kwani baba yako anazaliwa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara mbili, bosi," Baba Saerom akasema. Masikini, alikuwa anajibu kweli.

Soli zilikuwa zimeshapakwa gundi, meza nzima, na mashine inataka watu wawili. Zikikauka ni za kutupa. Bosi akaziangalia, akamwangalia Saerom, akaangalia viatu vyangu.

"Maliza hizi uende. Na ile Ijumaa isahau."

"Tangulia," Baba Saerom akaniambia. "Nitapanda inayofuata."

"Peke yangu? Kwa Baba yako?"

"Kadi imesema mleteni mtoto. Mpeleke mtoto." Akanifunga vizuri mkanda wa mgongoni, vidole vina gundi, ukanasa.

Saerom kalala. Nje mpunga wa njano tu, njano, njano. Namwomba asiamke na njaa getini.

Siku ileile. Saa nane na nusu

Niko kwa Mzee. NDANI. Chumbani kwake! Nimepewa nafasi nimnyonyeshe mtoto, naandika kwa mkono mmoja.

Geti lilikuwa wazi. Aliyenipokea ni wifi, Jeomsun, mdogo wake Baba Saerom, aliyeolewa Daegu. Aliniangalia miguuni, akamwangalia mtoto, akaangalia njia nyuma yangu.

"Wewe ndiye uliyenikatia simu!"

"Nisamehe wifi, niliogopa."

"Mimi mwenyewe namwogopa, nimezaliwa humu! Kaka yuko wapi?"

Mzee alikuwa amekaa nyuma ya minara ya matunda, kofia nyeusi, nguo nyeupe, mgongo kama ubao. Wageni wameanza kula kwa kuiba, kila mmoja na shavu moja limejaa. Kikombe mbele yake kikavu.

Nikasujudu. Sikuanguka! Nilipokuwa chini kabisa Saerom akaamka mgongoni, akapiga chafya. Uwanja mzima ukageuka kututazama.

"Yuko wapi?" Mzee kaniuliza. Ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi maishani.

"Anakuja na treni inayofuata, Baba." Na ikanitoka yote: kwamba tulidhani mwandamo, kwamba yuko kazini leo ili apate ile Ijumaa, kwamba ni mimi niliyeona kona ya kadi, nikifua.

"Mwandamo!" Kapiga meza, peasi moja ikashuka mnarani. "Nimeandika kwa jua! Ni sikukuu ya taifa! Nchi nzima imefungwa! Nani asiyejua?"

Mzee mmoja mwenye shavu lililojaa akameza kwanza, akasema, "Kaka, hata sisi majirani tulikuja kukuuliza mara tatu ni ipi. Ungetia neno moja tu. Jua."

"Kadi ilikuwa ndogo," Mzee akasema.

Wifi akageuka ukutani. Mabega yalikuwa yanacheka.

Halafu Mzee akanyoosha mikono. Siyo kwangu, kwa mgongo wangu. Saerom akaenda kama aliyemjua zamani, akashika kamba ya kofia, akaitia mdomoni palepale.

"Ana jino," Mzee kasema.

"La jana, Baba."

Basi. Kaingia naye humu, mimi nyuma yao. Ukutani kuna kalenda, na kwenye viboksi vyake kuna maandishi ya penseli, yale ya sisimizi. Siku aliyokufa mama mkwe. Ya kuzaliwa Jeomsun. Ya Deoksu. Deoksu ndiye Baba Saerom. Nilikuwa na hamu ya kufunua, nikaogopa. Mzee akafunua mwenyewe, akarudi nyuma mpaka mwezi wa pili. Tarehe 11. *Mjukuu. Saerom.* Na pembeni ya mwandamo, 12. 27. Penseli imefifia, siyo ya leo wala ya jana. Aliandika barua ilipofika. Miezi yote hii simu anakata, na jina liko ukutani!

Nikajifanya namfunga mtoto kamba ya kiatu. Mtoto hana viatu.

"Na ya kwako," Mzee kasema, bado anatazama kalenda, "supu ya mwani ya siku ya kuzaliwa tunakupikia lini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba kwenye karatasi ni mwezi wa tatu, tarehe nane, lakini hiyo ni siku masista walinikuta getini. Ya kuzaliwa hakuna anayeijua. Si kwa jua, si kwa mwandamo.

Akachomoa penseli nyuma ya kalenda, akaiweka mezani mbele yangu, ncha kwake, mpini kwangu.

"Andika unayoitaka. Humu ndani hatupiki supu kwa kubahatisha."

Akavaa viatu. Wifi uani akapiga kelele, "Baba, wapi na nguo hizo? Pombe haijamiminwa!"

"Naenda kuangalia mpunga."

Kofia nyeusi, nguo nyeupe za karamu, kaenda kuangalia mpunga! Wifi kachungulia hapa mlangoni, kaninong'oneza kwamba mpunga wao uko upande wa kulia, ng'ambo ya mto. Mzee kakata kushoto. Kushoto kuna stesheni tu.

Saa tisa na dakika kumi

Nimesikia treni ikipiga honi. Imesimama. Imeondoka.

Uani wameacha hata kutafuna. Wifi kaosha kile kikombe mara ya pili, kakifuta, kakirudisha palepale.

Kalenda iko mapajani mwangu, na penseli nimeishika. Nimefunua wa tatu, nimefunua wa kumi, nimerudi wa tatu. Kiboksi cha leo kina maandishi ya Mzee, lakini amebana, pembeni pamebaki nafasi. Ndogo. Jina langu linaenea nikiandika kama sisimizi.

Kuna hatua njiani, kwenye changarawe. Zinakuja. Za mtu mmoja? Au wawili? Saerom, mwanangu, acha kutafuna penseli, tulia kidogo mama asikilize —